Aliyemsikia mkuu na akavunjika guu

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii imekaa kwenye madaftari ya shule na midomoni mwa kila shangazi, na ina ukweli wake. Ila haisemi lolote kuhusu yule aliyesikia. Perceval, kijana wa Wales katika kisa cha kishairi alichokitunga Mfaransa Chrétien de Troyes mnamo miaka ya 1180, alisikia kila alichoambiwa na wakubwa wake, akakishika neno kwa neno, na guu likavunjika vilevile. Tena halikuvunjika la kwake peke yake.

Hadithi za mashujaa wa farasi, zile za Ulaya zenye deraya, mikuki na majumba ya mawe, hudhaniwa kuwa ni hadithi za kupigana. Ukizisoma kwa utulivu utaona watu wamekaa wanashauriana. Utenzi wa Roland, wa Kifaransa cha kale kuhusu vita vya Mfalme Charlemagne, ulioandikwa karibu na mwaka 1100, una mistari 4,002 katika nakala ya mkono iliyoko Oxford, na zaidi ya mistari 1,000 hupita kabla pigo la kwanza halijatua. Mistari hiyo imejaa mabaraza, wajumbe, ndoto na ubishi wa nani aende wapi. Watungaji wa zamani walijua kuwa vita hushindwa kikaoni kwanza.

Turudi kwa Perceval, maana hakuna mahali suala la ushauri limechambuliwa kwa ukali kama hapo.

Mama yake alikuwa amempoteza mume na wana wawili, wote wamekwenda na ushujaa huo wa farasi. Huyu wa mwisho akamficha msituni ili asilijue hata neno lenyewe. Siku kijana alipokutana na wapanda farasi wenye deraya zinazong'aa, akadhani ni malaika, na siri ikaishia hapo. Mama alifanikiwa kumchelewesha siku 3 tu. Akamvisha nguo za katani, akampunguzia mikuki yake ya kurusha kutoka 3 hadi 1 asionekane mshamba kupita kiasi, na pale kwenye kuagana akamwaga nasaha za maisha mazima.

Nasaha zenyewe zilikuwa hivi. Ukimkuta mwanamke au msichana anayehitaji msaada, msaidie. Msichana akikukubalia busu, lichukue, lakini lililo zaidi ya busu nakukataza. Na akikupa kwa mapenzi yake pete ya kidole au kifuko cha mshipini, chukua. Usikae muda mrefu na mtu, njiani wala nyumbani, bila kumuuliza jina, kwa kuwa mtu hujulikana kwa jina lake. Ongea na waungwana, fuatana na waungwana, maana muungwana hampi mwenzake shauri baya. Na ingia kanisani ukasali.

Msomaji aliyekulia na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ataitambua sauti hii mara moja: mama anayezungumzia siku ambazo hatakuwepo. Ni wosia. Na wosia una tabia yake, kwamba hubeba mengi kwa muda mfupi, na mwenye kuutoa hatakuwepo kusahihisha.

Sasa tazama kinachotokea. Perceval anafika kwenye hema zuri la kifahari, lenye tai wa dhahabu juu yake. Mama alikuwa amemweleza kwamba kanisa ni nyumba nzuri ya Mungu. Basi hili ndilo kanisa, anaingia kusali. Ndani amelala msichana. Mama alisema busu linaruhusiwa, anambusu kwa nguvu. Mama alitaja pete, anamvua pete kidoleni huku msichana analia. Kisha anakula nyama iliyookwa ndani ya unga, anakunywa divai, anaaga kwa adabu na kuondoka, moyo wake mweupe kabisa. Bwana wa yule msichana anarudi, anaona alama za kwato na pete haipo, haamini maelezo, na kuanzia siku hiyo anamburuza njiani na nguo zilezile hadi zinageuka matambara.

Kosa liko wapi? Wengi husema kijana alikuwa mjinga. Ujinga haumalizi habari. Ukiweka maneno ya mama na matendo ya mwana ubavu kwa ubavu, utaona kila tendo lina neno lake. Kilichodondoka njiani ni sharti. Mama alisema *akikukubalia*, alisema *akikupa*. Kijana alibeba busu na pete, akaliacha “ki” pale mlangoni. Hata katazo la lililo zaidi ya busu alilishika, na akajisifia hivyo kwa msichana mwenyewe! Maneno yalihifadhiwa kikamilifu. Sababu ya maneno, yaani heshima kwa mwanamke, haikutajwa kwa namna ambayo kijana asiyewahi kuonana na wasichana angeielewa.

Mshauri wake wa pili ni Gornemant wa Gohort, kabaila mzee anayemkuta akitembea nje ya ngome yake. Perceval anamwambia waziwazi: mama yangu aliniagiza niende kwa waungwana na nifuate wanayosema. Mzee anafurahi. Anampa malazi kwa sharti moja, kwamba afuate shauri la mama yake na lake pia.

Hapa kuna somo la ufundi ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Gornemant anamfundisha mambo ya aina mbili, kwa njia mbili tofauti. Silaha anazifundisha kwa mkono: anapanda farasi mwenyewe, anaonyesha jinsi ya kushika ngao na mkuki, jinsi ya kumchochea na kumzuia mnyama, kisha anampa kijana arudie. Mara 3 mzee anapanda, mara 3 anaonyesha. Jioni ileile kijana ameshika. Tabia, kwa upande mwingine, anamfundisha kwa maneno, asubuhi ya kuondoka, wakati anamfunga vile vyuma vya kisigino vya kumchochea farasi na kumvika upanga. Usimuue aliyeshindwa akiomba huruma. Usiwe msemaji kupita kiasi, kwa sababu anayesema mno hukosea. Wasaidie wanaohitaji shauri. Nenda kanisani.

Halafu anaongeza jambo moja, ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko yote: kuanzia leo usiseme tena “mama yangu alinifundisha”. Kijana anauliza, niseme nani basi? Sema ni kabaila aliyekufunga vyuma vya kisigino.

Ni ushauri wa aibu za watu wazima. Mzee hataki kijana wake achekwe. Lakini matokeo yake ni kwamba mshauri mpya amemfuta wa zamani. Mama alisema uliza jina la unayekaa naye. Mzee alisema punguza maneno. Hizo nasaha mbili zingeweza kukaa pamoja kichwani na kusukumana kidogo, na katika kusukumana huko ndiko busara huzaliwa. Kijana alizipokea kama mtu anayebadilisha nguo, na kweli, asubuhi ileile alikuwa amezivua zile za katani na kuvaa alizopewa.

Matunda yanaonekana kwenye ngome ya Mfalme Mvuvi. Mwenyeji ni mlemavu, hawezi kusimama, lakini anamkaribisha vizuri. Mbele ya moto anapita kijana amebeba mkuki unaochuruzika damu kutoka kwenye ncha. Baadaye anapita msichana ameshika graali, ambayo kwa Chrétien ni chombo kipana cha kuandalia chakula, si kikombe kama tulivyozoea kusikia. Kinapita mara nyingi, kila chakula kikiletwa kinapita tena, na mgeni anatamani kujua ni nani anayehudumiwa nacho. Anakumbuka Gornemant. Ananyamaza. Atauliza kesho asubuhi, anajiambia, kwa watumishi. Asubuhi ngome ni tupu, milango imefungwa isipokuwa ile ya kutokea, na daraja linainuliwa farasi angali juu yake.

Maswali yalikuwa mawili tu: kwa nini mkuki unatoka damu, na graali inampelekea nani chakula. Angeuliza, mfalme angepona na nchi ingetengemaa. Kabla ya hapo, huko Belrepeire, kimya hichohicho kilikuwa kimemponza mbele ya Blancheflor, binti mwenye mji uliozingirwa na njaa. Alikaa kimya mpaka ikabidi binti mwenyewe aanze mazungumzo, na walioona wakanong'ona kwamba huenda ni bubu. Pale kosa lilikuwa dogo, mtu alicheka likapita.

Linganisha na nasaha iliyofanikiwa. Kuhusu aliyeshindwa, Gornemant alisema: ukimzidi mtu hata akawa hawezi tena kujitetea, na akalazimika kuomba huruma, usimuue. Hali imetajwa, ishara ya kuitambua imetajwa, tendo limetajwa. Perceval anaifuata bila kuteleza: Anguingueron, mmoja wa waliouzingira mji wa Blancheflor, akiomba uhai, anampa na kumtuma kwa Mfalme Arthur, na bwana wake Clamadeu vilevile. “Usiseme mno” ilikuwa na sababu lakini haikuwa na kipimo. Mno ni kiasi gani? Mbele ya nani? Mtu mwenye umri wa Gornemant anakijua kipimo hicho kwenye mifupa yake, ndiyo maana hakukumbuka kukitaja. Wajuzi wa kazi yoyote wana ugonjwa huu.

Chrétien hakuimaliza hadithi, ila aliacha mshauri wa tatu. Baada ya miaka 5 bila kuingia kanisani, Perceval anafika Ijumaa Kuu kwa mtawa wa msituni, ambaye anakuja kugundulika kuwa ni mjomba wake. Mtawa haanzi na nasaha. Anauliza kwanza, anasikiliza, anamwambia ukweli mchungu (mama yako alianguka kwa uchungu ulipoondoka, akafa, na dhambi hiyo ndiyo iliyokufunga mdomo), kisha anakaa naye siku 2 kwa mboga za majani, mkate wa shayiri na maji. Mwishoni anamnong'oneza sala yenye majina ya Mungu, na kumkataza asiitamke isipokuwa katika hatari kubwa. Kwa mara ya kwanza kijana amepewa neno pamoja na mpaka wake.

Wolfram von Eschenbach, aliyeisimulia habari hii upya kwa Kijerumani katika mwongo wa kwanza wa karne ya 13, aliliona tatizo na akalifanyia mzaha mtamu. Kwake mama anamwambia mwana: mito yenye vivuko vya giza iepuke, penye kina kifupi na maji maangavu vuka bila hofu. Ni shauri zuri kwa mpanda farasi, maana giza huficha kina na matope. Parzival, ndivyo Wolfram anavyomwita Perceval, anafika kwenye kijito ambacho hata jogoo angekivuka kwa hatua, lakini majani na maua ya kando yametia kivuli na maji yanaonekana meusi. Basi anakifuata kingo kwa kingo siku nzima, hathubutu kuvuka, mpaka anapata mahali paangavu. Sijui picha nyingine iliyomchora vizuri hivyo mtu anayetii asichokielewa. Mama alikuwa anaogopa kuzama, mwana akaogopa rangi.

Wolfram pia alibadilisha swali la ngomeni. Kwake si suala la mkuki wala chombo. Parzival anaporudi mara ya pili, anamuuliza tu mfalme mgonjwa, ambaye kwa Wolfram ni mjomba wake: mjomba, unaumwa nini? Kwa kubadilisha hivyo ametueleza alivyolielewa kosa la mwanzo: kijana alijali adabu yake mwenyewe mbele ya mgonjwa.

Hayo ni mashauri ya mtu na mtu. Baraza ni kitu kingine, na lina sheria zake.

Katika ukabaila wa Ulaya, kushauri halikuwa jambo la hiari. Mnamo mwaka 1020 Askofu Fulbert wa Chartres alimwandikia mtawala wa Aquitaine barua akieleza wajibu wa mtu aliyekula kiapo kwa bwana wake. Alitaja mambo 6: asimdhuru mwili, asizihatarishe siri na ngome zake, asiiguse heshima na haki yake, asiharibu mali yake, asilifanye gumu lililo rahisi kwake, wala lisilowezekana lile linalowezekana. Kisha akaongeza kwamba kujizuia na maovu hakutoshi. Ni lazima pia ampe bwana wake shauri na msaada. Vitu viwili hivyo, shauri na msaada, vilikwenda pamoja kama kulia na kushoto. Na bwana aliwajibika kwa upande wake kuwaita na kuwasikiliza. Mfalme wa hadithi anayeamua peke yake tayari amekosea, hata akiamua sawa.

Ndiyo maana kikao cha Charlemagne katika utenzi wa Roland kinasomwa vizuri zaidi ukijua utaratibu. Mfalme anakaa chini ya msonobari. Waandamizi wameitwa. Yeye anaweka suala mezani bila kutoa maoni yake: Marsile, mtawala wa Saragossa, ameahidi kutii, kutoa mali na mateka, ila sijui moyoni mwake kuna nini. Kisha wanainuka mmoja mmoja.

Roland, mpwa wa mfalme, anaanza, naye anatoa hoja ya aina bora kuliko zote, ya jambo lililokwisha kutokea. Tuko Hispania miaka 7, anasema. Mtu huyuhuyu alituma watu 15, kila mmoja na tawi la mzeituni, wakasema maneno hayahaya. Ukawaomba Wafaransa wako shauri, wakakushauri kijuujuu. Ukawatuma Basan na Basile, akawakata vichwa. Endelea na vita.

Anafuata Ganelon, baba yake wa kambo, na mstari wake ni wa kukumbukwa: tuwaache wapumbavu, tushikamane na wenye hekima. Hajibu hata hoja moja ya Roland. Anaipachika jina tu. Kisha Naimes, mzee anayeheshimiwa kuliko wote, anasimama na hoja ya maadili: Marsile ameshindwa, ngome zake zimechukuliwa, anaomba huruma, anatoa mateka kuwa dhamana, kumwandama zaidi ni dhambi. Baraza linaitikia, mzee amesema kweli.

Na mzee alisema kweli, kwa kanuni. Tatizo ni kwamba swali halikuwa la kanuni. Lilikuwa: je, mtu huyu husema kweli? Kwa swali hilo kulikuwa na ushahidi mmoja tu, vichwa viwili, na aliyeuleta alikuwa kijana mwenye sifa ya ukorofi. Ushahidi ulitupwa kwa sababu ya mdomo ulioutamka. Mwandishi mwenyewe anatuonya kabla ya kikao, anasema sasa linaanza baraza lililoishia vibaya.

Kisha linakuja jambo la pili, la mjumbe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Naimes anajitolea, mfalme anamkatalia, hutakwenda mbali nami. Roland anajitolea, hapana. Oliver, rafiki wa Roland, hapana, wala hakuna mmoja wa wale 12 wapenzi wangu atakayetajwa. Askofu Mkuu Turpin, kaa chini. Kila “hapana” ni tamko mbele ya watu wote kwamba kazi hii ni ya kifo na kwamba hawa wana thamani. Ndipo Roland anasema: basi baba yangu wa kambo, Ganelon. Hakuna anayemkatalia. Mfalme anampa glavu ya mkono wa kulia, ishara ya kumwakilisha, nayo inaanguka chini. Watu wanashtuka, wanasema hili litatuletea hasara. Lakini glavu ilikuwa inafuata tu, kilichokwisha kuanguka ni uaminifu wa mtu aliyeona hesabu ya thamani yake ikisomwa hadharani. Huko alikotumwa Ganelon alipatana na Marsile kumwangamiza Roland. Sisemi usaliti huo una udhuru. Nasema kikao kilichoendeshwa hivyo hutengeneza msaliti hata pale ambapo hakuwepo.

Kuhusu Oliver kumsihi Roland mara 3 apulize baragumu kabla ya vita, na Roland kukataa, watu wamekwisha kuandika sana, sitarefusha. Nitataja sehemu ya pili tu, isiyosomwa sana. Jeshi likiwa limebaki watu wachache, Roland sasa anataka kupuliza, na Oliver, mwenye busara, anamkatalia kwa hasira: ungepuliza nilipokuambia. Mshauri aliyepuuzwa amegeuka mtu wa kulipiza neno lake. Turpin ndiye anayewaamua, na anafanya hivyo kwa kubadilisha lengo la shauri: baragumu halitatuokoa, anasema, lakini mfalme atakuja kutulipia kisasi, na watatuzika tusiliwe na mbwa mwitu, nguruwe na mbwa. Shauri lililochelewa kwa kazi moja bado linafaa kwa kazi nyingine. Wachache huiona nafasi hiyo.

Oliver anapona hasira yake ndani ya saa chache. Gawain, mpwa wa Mfalme Arthur katika masimulizi ya Mwingereza Thomas Malory, haponi. Katika hadithi za Arthur alizozikamilisha Malory mwaka 1469 au 1470, na mchapaji Caxton akazichapa 1485, ni Gawain anayemshauri mfalme asifanye haraka kumchoma malkia, anayeshtakiwa kuzini na Lancelot, shujaa mkuu wa mfalme: subiri, anasema, huenda alimwita Lancelot chumbani kwa sababu njema. Anatoa tafsiri mbadala, anaomba muda, anakataa kushiriki. Ni ushauri wa daraja la juu. Kisha ndugu zake, Gaheris na Gareth, wanauawa na Lancelot katika vurugu ya kumwokoa malkia, bila silaha, bila kutambuliwa. Kuanzia hapo mshauri yuleyule, kwa akili ileile, anamsukuma Arthur kwenye vita visivyoisha na kukataa kila suluhu, hata iliyosukumwa na Papa. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba mfiwa hapaswi kuwa mshauri wa jambo lililomfiwisha.

Gawain anakufa, anarudi ndotoni, na anatoa shauri lenye kila kitu kinachohitajika: usipigane kesho, fanya mkataba wa mwezi mmoja, toa kwa ukarimu, Lancelot atakuwa amefika. Kuna tendo, muda, gharama na sababu. Arthur anatii. Mordred, mwanawe aliyemwasi, anakubali kupewa Cornwall na Kent. Pande mbili zinakutana katikati, kila mmoja na watu 14. Na kila mmoja, kwa tahadhari, amewaachia askari wake agizo moja: mkiona upanga wowote umechomolewa, shambulieni. Nyoka anatoka kwenye kichaka, anamuuma mtu mguuni, yule anachomoa upanga kumuua nyoka. Agizo halikusema *upanga uliochomolewa dhidi yetu*. Lilisema wowote.

(Huyo Arthur ndiye ambaye Merlin, mchawi na mshauri wake, alimuuliza zamani anapenda nini zaidi, upanga au ala, akajibu upanga. Merlin akamwambia ala ina thamani ya panga 10, kwa kuwa anayeivaa hapotezi damu. Akaambiwa, akasikia, na ala ikaibwa na dada yake.)

Miaka zaidi ya 100 baada ya Malory, Mhispania Cervantes alizikusanya nasaha zote za aina hii na kumpa mtu asiyefaa kabisa. Katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615, mkulima Sancho Panza anaahidiwa kutawala kisiwa, nao ni mzaha uliopangwa na wakubwa wa kumcheka. Don Quixote, bwana wake anayejidhani shujaa wa farasi, anajifungia naye chumbani, anamkalisha, na kwa sura mbili, ya 42 na 43, anamwaga nasaha za roho na za mwili. Mche Mungu. Jijue. Usionee aibu ukulima wako. Machozi ya maskini yapate kwako huruma zaidi, lakini si haki zaidi, kuliko hoja za tajiri. Fimbo ya haki ikipinda, isipindwe na uzito wa zawadi bali wa huruma. Utakayemwadhibu kwa matendo usimtukane kwa maneno. Kisha: kata kucha, usile vitunguu na vitunguu saumu, kula kidogo mchana na kidogo zaidi usiku, usitafune kwa mashavu yote mawili, usibeue mbele za watu, na kwa hisani yako punguza methali.

Sancho anajibu kwa mfululizo wa methali.

Anajibu pia kwa ukweli ambao Perceval hakuwa nao: haya mengi nitayasahau yote. Niandikie. Sijui kusoma, lakini nitampa padri wangu anikumbushe. Don Quixote anamwandikia. Karatasi inaanguka karibu mara tu alipopewa, na inaishia mikononi mwa walewale wanaomcheka. Anakwenda kutawala mikono mitupu.

Siku moja huko analetewa kesi. Kuna daraja lenye mahakama na mti wa kunyongea. Anayevuka lazima aape anakokwenda na anachofuata. Akisema kweli apite, akisema uongo anyongwe. Amekuja mtu akaapa: ninakwenda kunyongwa kwenye mti ule. Akinyongwa, alisema kweli na alistahili kupita. Akipita, alisema uongo na alistahili kunyongwa. Majaji wanne wameshindwa.

Jaribio la kwanza la Sancho ni la hovyo: ile sehemu ya mtu iliyosema kweli ipite, iliyosema uongo inyongwe. Wanamwambia, bwana gavana, mtu akigawanywa hufa. Anafikiri tena. Sababu za kumhukumu na za kumwachia zina uzito sawa, anasema, basi aachiwe, maana kutenda wema husifiwa siku zote kuliko kutenda ubaya. Na anaongeza kwamba neno hili si lake: amekumbuka agizo moja kati ya mengi aliyopewa na bwana wake usiku wa kuamkia safari, kwamba haki ikiingia shakani aelemee huruma, na Mungu amelileta kichwani sasa hivi kwa sababu linaikaa kesi hii kama kipimo.

Rudi sura ya 42 ukatafute agizo hilo. Utakuta maneno ya huruma kuliko ukali, na ile fimbo inayopinda. “Haki ikiingia shakani” hutaikuta. Hayo aliyaweka Sancho mwenyewe, pale mbele ya majaji, kwa jambo lililokuwa mbele yake.